Barua kwa Mama Mzazi wa Mkono Wazi, Kuhusu Friza Aliyompa Bibi Yangu

Mtaa wa La Placeta,
Azua.
Ijumaa, kabla ya Jumapili ya Matawi.

Kwa Doña Mélida Peguero,
Mama Mzazi wa Bwana Yeuri, ajulikanaye kama Mkono Wazi,
Mji Mkuu.

YAH: MALALAMIKO JUU YA FRIZA, PAMOJA NA OMBI LA KUMPA MWANAO MAHARAGE

Mama mheshimiwa,

Kwanza naomba baraka zako, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu na sikulelewa kumwendea mkubwa kwa malalamiko kabla hajanibariki. Natumaini umeshanibariki, kwa hiyo naendelea.

Mimi naitwa Franyelis Mateo, mwanafunzi wa kidato cha pili. Naishi na mama yangu na bibi yangu mzaa mama, Doña Eduvigis, ambaye huenda umemwona kwenye simu. Ni yule bibi mwembamba aliyesimama pekupeku uani, akapewa friza nyeupe na mwanao mwanzoni mwa Kwaresima, katika video iitwayo "Bibi Mwenye Njaa Asiyekumbukwa na Mtu". Nataka ujue mapema kabisa kwamba viatu anavyo.

Sikukusudia kukusumbua wewe. Nilianza kwa kumwandikia mwanao mwenyewe, chini ya video yake, kwa adabu zote. Alinijibu kwa picha ya moyo. Nikaandika tena nikifafanua, akanijibu kwa picha ya mikono inayosali. Nilipoandika kwa mara nyingine akanishukuru kwa kuwa shabiki mwaminifu. Bibi akasema, "Huyo hasomi. Mtu mzima akikukosea nyumbani kwako na hasikii, unamwendea mama yake." Ndivyo tunavyofanya hapa mtaani. Hata sajenti anayekaa karibu nasi aliwahi kushtakiwa kwa mama yake kwa sababu ya redio, na redio ikapunguzwa sauti siku hiyohiyo.

Mwalimu wetu, Bi Clodomira, ametufundisha kwamba malalamiko yawekwe namba, na yaanze mepesi yakielekea mazito, ili msomaji asikimbie. Nimejitahidi kufuata.

1. Kahawa

Mwanao alipofika na vijana wake wa kamera, Bibi aliwakaribisha akainjika kahawa. Wewe ni mzazi, unajua kwamba mgeni hatoi shida yake wala zawadi yake kabla hajanywa. Mwanao alisema, "Bibi, kahawa baadaye, jua linaondoka." Bibi akamwambia, "Jua la Azua haliendi popote, mwanangu. Kaa." Hakukaa. Vikombe vya harusi ya mama vilitolewa kabatini bure, na kimoja kikavunjika wakati wa kuvirudisha. Kikombe hatukidai. Hili ni lalamiko jepesi, kama nilivyosema.

2. Kushangaa

Friza ilipoteremshwa garini, Bibi alishangaa vizuri sana. Niliona kwa macho yangu. Lakini jogoo aliwika, wakamwomba aingie ndani atoke tena ashangae upya. Akatii. Safari hii kivuli cha mtu kikapita ukutani, wakamrudisha. Alipotoka tena akasema, "Ni ileile?" Yule kijana aliyeshika taa ya duara akamwambia, "Bibi, jifanye hujaiona." Bibi akamuuliza, "Nitajifanyaje sijaiona, na imeziba mlango wa jiko?" Mwishowe akamtazama mwanao akasema, "Mwanangu, kama wewe hujaichoka, mimi nimeichoka. Itueni chini mje mnywe kahawa." Maneno hayo yamekatwa kwenye video, na mahali pake pamewekwa muziki wa kinanda.

Mama, hiyo ilikuwa Kwaresima. Bibi hasemi uongo wakati wa Kwaresima, hata kwa mtu wa umeme. Ilimbidi aende kuungama kwamba ameshangaa kwa uongo mbele ya kamera. Padri Anselmo alimwambia hajawahi kupokea dhambi ya namna hiyo, akampa malipizi ya kukisia.

3. Vitu vilivyofichwa

Walimwomba Bibi avue viatu. Kisha wakaona mapazia ni mazuri mno, yakashushwa. Feni ikasukumwa chini ya kitanda. Televisheni ikafunikwa kwa taulo na kuwekewa ndoo juu. Tatizo likabaki friji yetu, maana sisi friji tulikuwa nayo, na inagandisha vizuri umeme ukiwapo. Mwanao alisema kwamba mtu hawezi kulilia friza huku nyuma yake kuna friji inayonguruma. Kwa hiyo waliifunika shuka wakaibeba hadi nyumbani kwa jirani yetu, Doña Nurys, iwekwe huko kwa muda.

Muda huo haujaisha mpaka leo. Mama yangu alipokwenda kuidai, Doña Nurys alimwambia, "Friji ipi, mwenzangu? Nchi nzima imeona kwamba mama yako hajawahi kuwa na friji. Hii iliyo kwangu lazima iwe yangu." Mama akamwonyesha mkwaruzo wa mlangoni niliousababisha mimi nikiwa mdogo. Doña Nurys akatoa simu, akachezesha ile video, akasema, "Nionyeshe hapa mkwaruzo uko wapi." Mama alirudi nyumbani bila friji.

4. Machozi

Bibi hakulia. Nadhani mwanao hakuambiwa kwamba Bibi ndiye anayeongoza sala kwenye misiba yote ya La Placeta. Mwongoza sala hawezi kulia, kwani akilia yeye, nani atamaliza litania? Amezika watu wa kila aina macho makavu, na hawezi kuanza kulia kwa ajili ya friza.

Lakini ukitazama video utaona macho yanayotiririka, karibu sana, yamejaza kioo chote. Hayo ni macho ya Doña Nurys, aliyekuwa amesimama nyuma ya uzio. Watu wote wanaomjua wameyatambua, hasa la kushoto. Tulipomuuliza kwa nini alilia, alijibu bila kuficha: "Wivu. Nilijiuliza mimi nina nini cha maana hata nisionekane maskini."

Sasa Doña Nurys anasema kwamba machozi ni yake na bila machozi friza ingerudi garini, hivyo anadai upande wa kulia wa friza. Kesi ilipelekwa kwa Don Quirico, kinyozi, ambaye huamua mabishano yote ya mtaa huku wembe ukiwa shingoni mwa mtu, kwa hiyo hakuna anayekata rufaa. Don Quirico aliamua kwamba aliyelia ana haki ya barafu lakini hana haki ya kasha. Tangu hapo Doña Nurys huja na ndoo kila asubuhi kuchukua barafu, kisha huenda kuitia kwenye friji yetu.

5. Mjomba

Mjomba wangu Radhamés anaishi New York, na kila Krismasi hututumia pipa lililojaa mchele, mafuta, sabuni na nguo. Aliiona video akiwa kazini, mbele ya wenzake. Alimpigia mama simu akamuuliza, "Pipa ninalotuma linakwenda wapi? Mbona mama yangu hana viatu?" Mama akamwambia, "Viatu viko chini ya kitanda, kaka, pamoja na feni." Akataka picha ya viatu. Akatumiwa. Akasema viatu vinaweza kuwa vya kuazima. Bibi mwenyewe akachukua simu akamwambia amekula, ameshiba na amevaa, naye mjomba akasema, "Mama, kama wamesimama hapo karibu yako na huwezi kusema, kohoa." Kwa bahati mbaya Bibi alikuwa na mafua.

Mama na mjomba hawasemezani hadi leo.

6. Mtaa

La Placeta si mtaa wa matajiri, lakini tulikuwa tunaishi bila kufikiria sana jambo hilo. Sasa mtaa wetu umekuwa maskini kwa bidii. Don Quirico, aliyepaka nyumba yake rangi ya buluu Desemba, ameikwangua upande wa mbele. Familia ya ng'ambo ya barabara wameng'oa mlango wao wakauweka uvunguni, wakatundika gunia. Watoto wamekatazwa kucheka barabarani likipita gari lenye vioo vyeusi kama la mwanao.

Juma lililopita lilipita gari kama hilo. Mtaa mzima ulitoka pekupeku ukalia, wengine wakapiga magoti. Alikuwa ni mtu wa gesi, amenunua gari jipya. Aliogopa akageuza bila kuuza hata mtungi mmoja, na tumepika kwa mkaa hadi juzi.

Jambo linalonisumbua hapa ni hili. Mwishoni mwa barabara yetu kuna mzee anayeitwa Tilo, ambaye kwa kweli hana kitu. Kibanda chake ni cha mabati ya kuokota, na umeme haujawahi kumfikia. Vijana wa mwanao walimwona kabla hawajafika kwetu. Walimpiga picha ya majaribio, kisha nikamsikia mmoja wao akisema, "Huyu anacheka sana, hatufai." Ni kweli Mzee Tilo anacheka sana. Hana meno, na kila kitu humfurahisha. Nimejaribu kulielewa jambo hili kwa njia ya haki. Kama zawadi inakwenda kwa mwenye shida, basi ilikuwa yake. Kama inakwenda kwa mwenye machozi, basi ilikuwa ya Doña Nurys. Haikuwa ya Bibi kwa hesabu yoyote ile, naye Bibi ndiye wa kwanza kusema hivyo.

7. Bakuli

Hili ndilo lalamiko lenyewe, Mama. Yaliyotangulia yalikuwa ngazi tu.

Kila Kwaresima Bibi hupika maharage matamu. Najua na wewe unapika, kila mtu anapika, lakini ya Bibi watu huyasubiri. Huyachuja kwa kitambaa mpaka yawe laini kabisa, huweka tui la kwanza na si la pili, na viazi vitamu anavikata vidogo visipondeke. Mdalasini, karafuu na zabibu kavu anaweka kwa mkono, hapimi. Vibiskuti vya maziwa anaviweka juu mwishoni ili vifike kwa mlaji vikiwa bado vigumu kidogo. Kisha mimi nazunguka na sinia, nyumba kwa nyumba, nikiacha bakuli na kupokea bakuli. Kila nyumba hutupa ya kwake, nasi hukaa jioni tukiyaonja na kuyasema. Ya Doña Nurys, kwa mfano, ni mepesi kiasi kwamba mama husema yanafaa kuoshea miguu. Doña Nurys husema ya Bibi ni mazito kama zege na kwamba huyala kwa sababu tu hataki kuharibu ujirani. Kisha hulamba kijiko.

Mwaka huu nilizunguka kama kawaida. Mlango wa kwanza mama mmoja alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya hospitalini, "Hapana, mwanangu. Rudisha nyumbani, mle nyinyi." Mlango wa pili wakanijazia mchele kwenye mfuko. Don Quirico alisema, "Mwambie Doña Eduvigis asijinyime kwa ajili yetu." Hata Doña Nurys, ambaye ana friji yetu na barafu yetu, alisukuma bakuli nyuma kwa kidole akasema, "Siwezi kula cha mwenye njaa. Nitalala vipi?" Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisaidia kuibeba friji yetu, upande wa nyuma, akilalamika uzito. Akasema, "Najua ninachokijua, lakini nimeona nilichokiona."

Nilirudi na sinia zima. Bibi aliyahesabu mabakuli kwa macho. Akachukua moja akalipeleka mwenyewe kwa Mzee Tilo, ambaye kila mwaka bakuli la kwanza huwa lake. Hakumkuta. Mzee Tilo alikuwa njiani anakuja kwetu. Kuna mtu alimwonyesha video. Alikuwa amebeba yai, amelifunga kwenye leso, akampa Bibi akasema, "Doña, na wewe ungeniambia mapema."

Bibi alilipokea, kwa sababu yai la mtu kama yule halikataliwi. Akamshukuru. Kisha akaingia ndani, akaketi juu ya kifuniko cha friza, yai mkononi, akakaa pale mpaka umeme ulipokatika.

Siku hizi hapiki. Viazi vitamu vimeanza kuchipua kapuni. Mama akimuuliza, anajibu, "Nimpikie nani? Mimi ndiye ninayepikiwa." Msiba ulitokea upande wa sokoni, wakamwita mwongoza sala kutoka mtaa mwingine ili Bibi apumzike. Mama, mwanao alimpa Bibi friza, lakini aliondoka na kitu ambacho Bibi alikuwa nacho tangu kabla mama yangu hajazaliwa, nacho ni kuwa mtu anayetoa. Na hakikuwamo kwenye vitu vilivyofunikwa shuka, kwa hiyo hatujui tukakidai nyumba gani.

Baada ya malalamiko hayo nilikaa nikafikiri, kama Bi Clodomira anavyotutaka, kwamba labda mimi ndiye nisiye na shukrani. Watu wameniambia hivyo. Binamu yangu alisema, "Mmepewa friza na bado mnanuna? Nipeni mimi, nitanuna nikiwa na maji baridi." Basi nikaliangalia jambo upya. Friza haikununuliwa na mwanao. Imeandikwa ubavuni jina la duka la rangi, nalo linasomeka vizuri kwenye video kuliko uso wa Bibi. Kila mtu anayeitazama video hiyo humwingizia mwanao kitu, na watazamaji ni wengi kuliko wakazi wa Azua. Mwanao alileta friza ya watu. Bibi alitoa uso wake, ua wake, miguu yake, mshangao wake wa kweli pamoja na mishangao ya uongo, na jina zuri alilolijenga kwa maisha yake yote. Kwa hiyo, nikitazama kwa haki, aliyesaidiwa siku ile ni mwanao, na aliyemsaidia ni Bibi. Naye hajasema asante, wala hajanywa kahawa.

Nataka kukuuliza jambo moja kwa heshima kubwa, na usiponijibu nitaelewa. Nimeiona video ambayo mwanao anakukabidhi nyumba. Ni nyumba nzuri, na ulilia sana, hata mama yangu alilia. Lakini niliitazama tena, nikaona kwamba ufunguo uliupokea kwa mkono wa kulia, halafu uliingia nao mlangoni ukiwa mkono wa kushoto, na bega la blauzi lililokuwa limelowa machozi lilikuwa limekauka. Sikumwambia mtu. Nilifikiri tu kwamba na wewe pengine ulirudishwa ndani utoke tena, na kwamba huenda ulikuwa umeinjika kahawa. Ndiyo maana nimepata moyo wa kukuandikia.

Sasa ombi langu. Sisi hatutaki kurudisha friza, maana zawadi hairudishwi. Tunataka kutoa na sisi. Naomba umlete mwanao La Placeta katika Juma Kuu, na yafanyike yafuatayo:

(a) Aketi kwenye kiti cha plastiki uani, mahali ilipowekwa friza, anywe kahawa kwanza.

(b) Bibi amletee bakuli la maharage matamu mbele ya mtaa wote. Mwanao ashangae. Akishindwa kushangaa vizuri atarudi garini na kushuka tena, mpaka Doña Nurys aridhike.

(c) Alipokee kwa mikono miwili, alile lote na aombe la pili. Si lazima alie. Akilia, yawe machozi yake mwenyewe.

(d) Kamera iwepo, lakini imtazame yeye. Video iitwe "Kijana Asiye na Maharage Akumbukwa na Bibi". Watu wote walioona kwamba Bibi ana njaa waone kwamba Mkono Wazi amekula kwake akashiba. Nadhani baada ya hapo hakuna atakayelikataa bakuli lake, maana watamkataliaje mtu aliyemlisha Mkono Wazi?

(e) Mtu mmoja mwenye nguvu abaki atusaidie kubeba friji.

Sidhani ni ombi kubwa. Wewe ni mama, na mwanao bado anakusikiliza. Niliona kwenye ile video ya nyumba jinsi ulivyomwambia afunge kifungo cha shati, naye akafunga huku anaendelea kuongea na kamera. Ukimwambia "Twende Azua," atakuja.

Nisalimie familia yako yote, ndugu za Yeuri walio hai na wenye afya, shangazi zake, na yule kijana wa taa ya duara, ambaye alikuwa na adabu kuliko wengine na aliniambia samahani alipokanyaga mnanaa wetu. Bibi anakusalimu. Mama anakusalimu, ingawa bado amekasirika. Mzee Tilo anakusalimu pia, hakujui ila amesema nimweke.

Nakuombea Juma Kuu lenye amani, nami nabaki mdogo wako anayesubiri kwa matumaini,

Franyelis Mateo.

N.B. Barua hii ilitakiwa kuondoka Ijumaa, lakini mtu anayetupelekea mizigo mji mkuu hapiti tena hadi Jumatano, kwa hiyo naongeza haya ya leo Jumanne.

Jumapili, baada ya misa ya matawi, Bibi alichoka. Alifunga utepe mwekundu kwenye friza, akamwita Don Quirico na mkokoteni wake, akanipa simu ya mama, akaniambia, "Shika, na usitetemeshe." Tukaenda hadi mlangoni kwa Doña Nurys, mtaa mzima nyuma yetu na matawi mkononi. Bibi akasema kwa sauti yake ya litania kwamba anamzawadia friza jirani yake maskini, ambaye hana kitu ila friji ya watu. Doña Nurys hakuweza kukataa kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Alilia, safari hii kwa haya. Kwa kuwa jikoni kwake hapatoshi vyote viwili, friji yetu ilirudi jioni hiyohiyo.

Niliiweka video mtandaoni, nikaiita "Jirani Mwenye Wivu Azawadiwa Friza". Mama, sijui nikuelezeje. Wameitazama watu hata wa Puerto Rico. Mjomba Radhamés amepiga simu kutoka New York akilia kwa fahari, na yeye na mama wameongea mpaka chaji ikaisha. Jumatatu Bibi alipika sufuria kubwa, na kila mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. Mabakuli yanapokelewa.

Ila sasa Bibi hatoi bakuli mpaka niwe tayari na simu. Leo asubuhi alimrudisha Don Quirico ndani kwa sababu alilipokea bakuli lake kama anayepokea bili ya umeme. Alipotoka tena, Bibi akaona nyumba ile iliyokwanguliwa inapendeza zaidi nyuma yake, akamsogeza. Familia ya ng'ambo walitaka kurudisha mlango wao, akawaomba wasubiri hadi Pasaka. Mzee Tilo amepewa bakuli lake la kwanza kama kila mwaka, akafurahi sana, lakini hatukumweka kwenye video, kwa kuwa anacheka. Mama alimuuliza Bibi kama malipizi yanaruhusu mambo haya. Bibi akasema, "Mimi sishangai. Wanaoshangaa ni wao."

Kwa hiyo naomba malalamiko namba mbili, tatu na sita usiyasome mbele ya watu. Bibi pia anauliza kama yule kijana ana taa ya duara ambayo haitumii.

Ombi langu la kumleta mwanao liko palepale, ila sababu imebadilika kidogo. Hapa mtaani kila mtu ameshapewa, wengine mara mbili, na nyuso zao zimezoea. Bibi anatafuta mtu ambaye hajawahi kuonja maharage yake. Tafadhali mlete Alhamisi Kuu alasiri, mwanga ukiwa mzuri upande wetu, na usimwambie mnakwenda wapi.